Sura ya Sita: Atakuwa Kaenda Zake

Kilichomfichua Denis Kazungu ni kodi ya nyumba. Alikuwa amepanga Busanza, sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, ndani ya Jiji la Kigali, na deni la pango lilikuwa limelala kwa miezi. Mwenye nyumba akachoka kudai, akataka nyumba yake. Mwanzoni mwa Septemba 2023 likagundulika shimo jikoni, na ndani ya shimo miili ya watu. Kazungu, umri wake miaka 34, alikamatwa tarehe 5 ya mwezi huo. Taarifa za kwanza zilitaja miili zaidi ya kumi. Waendesha mashtaka walipofunga hesabu walimsomea mauaji ya watu 14: wanawake 13 na mwanamume mmoja.

Shimo hilo lilichimbwa katika mtaa wenye majirani, katika nchi ambayo utawala wake unaanzia mlangoni pa mtu. Rwanda, kaya 15 hadi 20 hufanya isibo. Masibo kadhaa hufanya mudugudu, na juu yake zipo ngazi nyingine hadi wilaya. Usiku kuna irondo, doria ya wananchi wenyewe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, watu wote wanatoka kufyeka na kusafisha, na asiyeonekana anaulizwa. Mimi nimezoea balozi wa nyumba kumi wa kwetu, ambaye miaka hii unamkumbuka unapotaka barua ya utambulisho, na kwangu mpangilio huo ni wa nyuzi zilizokazwa sana. Katika nyuzi hizo mtu alichimba kaburi la watu 14 jikoni kwake.

Kwa mtu wa Kitahana, huku kwetu Kibondo mkoani Kigoma, habari ya Kigali haihitaji mkalimani. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu mno. Mzee wa Kibondo akinasa redio ya Kigali anafuata taarifa yote, na kinachompita ni majina ya vyeo tu. Ndiyo maana sifa ya Rwanda huku kwetu imekuwa fimbo ya kuwachapia viongozi wetu. Mkutano wa kijiji ukianza kuzungumzia wizi wa mbuzi au vibaka wa minadani, hakosekani mmoja wa kusimama na kusema kwamba wenzetu wa ng'ambo mwanamke anatembea saa nane usiku na simu mkononi, hakuna wa kumgusa.

Sifa hiyo si ya uongo. Aliyefika Kigali anaijua. Shida yake ni kwamba sifa ikishakuwa kubwa hivyo, watu huacha kuuliza maswali fulani, na maswali hayo ndiyo haya ya sura hii.

Tuanze na wanawake wale 13. Kwa maelezo ya upelelezi, wengi Kazungu alikutana nao baa, akawachukua hadi nyumbani. Huko aliwanyang'anya simu na vitu vyao, akawalazimisha kutaja namba zao za siri ili achote fedha za kwenye simu, kisha akawaua. Msemaji wa Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, na baadaye mwendesha mashtaka, walieleza namna alivyofanya kazi yake kwa utaratibu. Vyombo vya habari viliripoti pia kwamba alijifunza kwa kufuatilia habari za wauaji wengine maarufu wa dunia. Hili la mwisho ndilo lililovuma, maana linanoga kusimuliwa. Mimi nashikwa zaidi na la simu.

Binti anayefanya kazi ya usiku jijini mara nyingi hakuwaaga wa kwao hivyo. Nyumbani wanajua anauza duka, au anasuka nywele, au "yuko kwa shoga yake". Akikaa wiki mbili bila kupiga, mama anasema salio limeisha. Mwezi, anasema labda kabadili laini. Mwenzake wa chumba anaona nguo zake bado zimetundikwa, ila kodi ya chumba inakaribia na yeye hana muda wa kwenda polisi kueleza wanaishije na wanafanya nini. Kwenye baa mhudumu mpya anapatikana kesho yake. Kila mmoja kati ya hao ana jibu lake, na majibu yote yanafanana: atakuwa kaenda zake.

Muuaji wa namna hii hahitaji giza wala msitu. Anahitaji watu ambao kutoweka kwao kuna maelezo tayari.

Na hakuwa mtu asiyejulikana kabisa kwa dola. Julai 2023, miezi miwili kasoro kabla ya shimo kupatikana, Kazungu alikuwa ameshakamatwa kwa tuhuma za wizi, ubakaji na vitisho. Aliachiwa kwa dhamana, ushahidi ukiwa haujatosha. Sisemi hakimu alikosea; sheria inataka ushahidi, na mtu hawezi kuwekwa ndani kwa kunukia vibaya tu. Ila jiulize tuhuma hizo zilikuwa zimeletwa na nani, na neno la mlalamikaji wa aina hiyo lina uzito gani mbele ya meza ya polisi, popote pale, Kigali, Kigoma au Kisumu.

Tarehe 21 Septemba alisimama mahakamani na kukiri. Akaomba kesi isikilizwe faragha, akadai wanawake hao walimwambukiza Ukimwi kwa makusudi. Hata pale bado alikuwa anatafuta namna ya kuwageuza marehemu kuwa washtakiwa. Machi 2024 mahakama ya Nyarugenge ilimhukumu kifungo cha maisha, adhabu ya juu kabisa katika nchi iliyofuta hukumu ya kifo mwaka 2007.

*

Nchi inayoamini haina muuaji imeshaandikiwa riwaya: mwaka 2008 Mwingereza Tom Rob Smith alitoa riwaya yake ya kwanza, Child 44. Mwaka huohuo ilishinda tuzo ya riwaya za kusisimua ya Chama cha Waandishi wa Hadithi za Uhalifu cha Uingereza, na ikaingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Booker, jambo ambalo riwaya za polisi na muuaji hazilizoei. Hadithi iko Urusi ya Stalin, mwaka 1953. Leo Demidov ni ofisa wa usalama wa taifa. Mtoto wa mwenzake kazini anakutwa amekufa kando ya reli, na Leo anatumwa kwa wazazi akawaeleze kwamba ni ajali ya treni, basi. Wazazi wanajua kuwa si ajali. Leo mwenyewe, akitaka kuona, anaweza kuona. Lakini mauaji ni ugonjwa wa mabepari. Nchi ya wafanyakazi haina sababu ya kumzaa mtu wa hivyo, kwa hiyo hayupo, na anayesema yupo ni msaliti.

Wazo hilo ndilo lililoiuza riwaya. Muuaji anawindwa, na anayemwinda naye anawindwa, kwa kosa la kusema kuna muuaji. Smith alijua anachofanya alipoirudisha hadithi hadi 1953. Kisa cha kweli alichokiegemea ni cha miaka ya 1978 hadi 1990, wakati wa Brezhnev na waliomfuata, hadi Gorbachev. Serikali ya wakati huo haikuwa inampiga mtu risasi kwa kuripoti maiti. Ilikuwa ikikaa kimya tu, na kimya hakisisimui msomaji. Stalin anasisimua.

Filamu yake ilipotoka mwaka 2015, Wizara ya Utamaduni ya Urusi iliizuia siku moja kabla ya kuanza kuonyeshwa, kwa maelezo kwamba inapotosha historia. Sina hakika kama walioizuia walitambua walivyoisaidia kuitangaza.

Mtu wa kweli aliitwa Andrei Chikatilo. Alizaliwa 1936 katika kijiji cha Ukraine. Alisoma, akafundisha shule, akawa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, mume, baba wa watoto wawili. Baadaye alifanya kazi ya ugavi kiwandani, kazi ya kusafiri kwa treni na mabasi kutafuta vipuri na malighafi, na vituo vya treni vya mkoa wa Rostov vikawa ndiyo mawindoni kwake. Pale walikuwapo watoto waliotoroka nyumbani, wasichana wasio na pa kulala, watu wenye upungufu wa akili waliokuwa wakipanda na kushuka treni bila safari. Mauaji ya kwanza, Desemba 1978, yalikuwa ya msichana wa miaka 9 katika mji wa Shakhty. Alipofikishwa mahakamani mwaka 1992, akiwa amefungiwa katika kizimba cha chuma kwa sababu ya hasira za ndugu wa marehemu, alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 52. Aliuawa kwa risasi Februari 1994.

Miaka 12. Nchi yenye polisi wengi kiasi kile, yenye vibali vya kukaa, pasipoti za ndani, balozi wa kila jengo, na mtu anaua miaka 12. Na yeye pia alishawahi kuwa mikononi mwao. Septemba 1984 alikamatwa Rostov akiwavizia wasichana, na katika begi lake mlikuwa na kisu na kamba. Wakampima damu. Kundi lake lilikuwa A, na mbegu zilizookotwa kwenye miili zilisomeka AB. Wakaiamini maabara, wakamfunga miezi michache kwa wizi wa mali ya kiwanda, wakamwachia. Akaendelea.

Magazeti yalikuwa hayaandiki. Mama wa Rostov hakuwa na habari kwamba mama wa Shakhty amezika mtoto. Kama mzazi angejua kuna mtu anawaita watoto vituoni kwa pipi na ahadi za stempu, angemwambia mwanawe maneno mawili kabla ya kupanda treni. Propaganda kwa kawaida tunaipima kwa uongo inaousema. Hapa iliua kwa kunyamaza.

Kukamatwa kwake hakufanani na riwaya. Mpelelezi Viktor Burakov, aliyekuwa amemng'ang'ania kwa miaka, alipanga mtego: vituo vikubwa vijae askari wenye sare ili muuaji avikwepe, na vile vidogo vya msituni viwekwe askari waliovaa kiraia. Tarehe 6 Novemba 1990, kituo cha Donleskhoz, askari mmoja alimwona mtu mzima akitoka porini, koti lina majani na udongo, shavuni kuna doa jekundu, anakwenda kunawa bombani. Akamwomba kitambulisho. Karatasi zilikuwa safi, hakuwa na sababu ya kumshika, akaandika jina na kumwacha apande treni. Wiki moja baadaye mwili ukaokotwa jirani na pale, wakarudi kwenye ile taarifa, wakakuta jina ambalo tayari lilikuwa kwenye mafaili ya 1984. Tarehe 20 wakamkamata. Alikaa kimya siku nyingi, mpaka daktari wa akili Aleksandr Bukhanovsky alipoletwa akamsomea maelezo aliyokuwa ameyaandika miaka mitano nyuma kuhusu mtu asiyemjua. Chikatilo akasikia anasomewa yeye, akaanza kulia na kusema.

Hakuna mbio juu ya mabehewa. Kuna askari aliyechoka na daftari. Ningeulizwa ni nani shujaa wa kisa hiki, ningemtaja huyo, ingawa alimwachia.

*

Sasa upande wa pili, ambao riwaya nyingi zinaupitia kwa haraka. Jamii inayoamini haina muuaji haikai bila jibu. Ina washukiwa wa akiba.

Rostov, kwa yule msichana wa 1978, walikuwa naye: Aleksandr Kravchenko, kijana aliyekuwa ameshafungwa zamani kwa mauaji. Alikuwa anaishi karibu, sura yake ya kesi ilikuwa tayari. Wakambana mpaka akakiri, wakamuua mwaka 1983 kwa kosa la Chikatilo. Kisha vijana wenye upungufu wa akili walibanwa nao wakakiri, na wanaume waliodhaniwa mashoga wakasombwa mmoja mmoja kuhojiwa. Kila aliyekuwa pembeni mwa jamii aliletwa, na muuaji mwenye kadi ya chama akawa anapita getini.

Tanzania tulikuwa na letu miaka michache kabla. Katikati ya miaka ya 1970 Mwanza na Shinyanga zilikuwa zinakabiliwa na mauaji ya vikongwe walioshutumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa kupulizia moto wa kuni na samadi maisha yao yote. Nchi ilikuwa ya ujamaa, ya vijiji vipya, ya utu. Mauaji hayo yalikuwa aibu. Ikafanyika operesheni, watu wakakamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, na Peter Siyovelwa aliyekuwa Waziri wa Nchi naye akaondoka, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo. Tunamkumbuka Mwinyi kwa uungwana wa kuwajibika, na tunastahili kumkumbuka. Wale waliokufa mahabusu tunawakumbuka kidogo sana, na wale vikongwe kidogo zaidi.

Buha, nchi yetu Waha, nasi hatuko salama na tabia hii. Vifo vikifuatana kijijini, haraka inakuwa kuitafuta sababu kwa jirani. Wanaitwa watu wa kamchape, wasaka wachawi, wanapiga ngoma, wanachimbua pembe chini ya vizingiti, na mwenye mji anayetajwa huwa ni mzee, tena mara nyingi mjane. Polisi wa Kigoma wamekuwa wakipambana nao. Ukweli mchungu ni kwamba kama siku moja angetokea Kasulu mtu kama Kazungu, mwenye shati safi na salamu nzuri, angekuwa na ulinzi mzuri kuliko aliokuwa nao Kigali. Tungekuwa tunamtafuta bibi mmoja.

Ushahidi uko Kabanga. Kuanzia 2007 watu wenye ualbino walipoanza kuuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa na Kigoma, watoto wenye hali hiyo walihamishiwa shule zenye ukuta. Shule ya Kabanga hapo Kasulu, iliyokuwa ya watoto wenye mahitaji maalumu, ikawa kimbilio. Mabweni yakajaa, na mama wengine walihamia humo humo na watoto wao. Januari 2009, kwa sababu ya mauaji hayo, serikali ilizuia waganga wa jadi kufanya kazi. Katika nchi tunayoiita kisiwa cha amani, mtoto wa Kiha alilindwa kwa kutengwa na kijiji chake. Pale hakukuwa na mtu mmoja mwenye wazimu wa kuandikiwa riwaya. Kulikuwa na wanunuzi, madalali na wakataji, na katika kesi zilizofika mahakamani walikuwamo ndugu wa damu. Nadhani ndiyo sababu kisa hiki hakigeuki kirahisi kuwa filamu ya kusisimua. Muuaji mmoja akikamatwa, msomaji anafunga kitabu na kulala. Soko halikamatwi kwenye ukurasa wa mwisho.

Kenya inatuonyesha sura nyingine. Pale hakuna anayedai nchi haina uhalifu. Magazeti yanaanza nao asubuhi. Julai 2024 miili ya wanawake, imekatwa na kufungwa kwenye magunia, ilitolewa kwenye machimbo ya mawe yaliyogeuzwa jalala huko Kware, Nairobi, hatua chache kutoka kituo cha polisi. Siku chache baadaye polisi wakamtangaza kijana mmoja, Collins Jumaisi, wakasema amekiri kuua wanawake 42. Wengi hawakuamini. Ulikuwa msimu wa maandamano na watu kutekwa, na maiti karibu na kituo ziliwafanya wananchi waulize kwanza kuhusu kituo. Mbele ya hakimu, wakili wake alisema mteja wake aliteswa ili akiri. Tarehe 20 Agosti mtuhumiwa akatoroka mahabusu ya Gigiri pamoja na Waeritrea 12. Kigali watu waliiamini serikali kiasi cha kutouliza. Nairobi hawakuiamini kiasi cha kutokubali jibu. Maiti za wanawake zilikuwa zilezile.

Nikiziweka kesi hizi mbele ya Kitahana, kinachonitia wasiwasi si idadi ya polisi, ingawa ni wachache na barabara za masika mnazijua. Ni historia yetu ya kuondoka. Wakati wa Waingereza Waha waliandikishwa manamba, wakapelekwa mashamba ya mkonge Tanga na kwingineko. Wengi walirudi. Wasiorudi walisemwa wamelowea, wameoa huko, na familia ikagawana shamba. Nani alijua yupi alilowea na yupi alikufa kwa homa au kwa panga? Leo vijana wanakwenda Kahama na Geita kwenye machimbo, Dar es Salaam kwenye mizigo, wasichana wanachukuliwa na "dada" fulani kwenda kufanya kazi za ndani mjini, na tunaachiwa namba moja ya simu. Juu ya hao wako wakimbizi. Mrundi wa Nduta au Mkongomani wa Nyarugusu akitoka kambini kwenda kibarua cha kulima mashambani, mara nyingi hana kibali. Asiporudi, mwajiri anasema karudi kambini, kambini wanasema karudi Burundi. Mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa taarifa juu ya Warundi waliotoweka kutoka kambi za Kigoma, wakivituhumu vyombo vya dola vyenyewe. Taarifa ilisomwa zaidi Ulaya kuliko Kibondo.

Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la wageni. Ukiomba akuonyeshe utaona safu ya jina, ya alikotoka, ya mwenyeji wake, na saini au dole gumba. Ni kazi nzuri, na wengine wanaiandika kwa mwandiko wa kuvutia kweli. Safu ya siku ya kuondoka, pale ilipochorwa, kwa kawaida haina kitu. Kama ningepewa ukatibu wa kamati ya ulinzi ya kijiji kwa mwaka mmoja, ningeacha kwanza habari ya mgambo na filimbi. Ningepita nyumba kwa nyumba na daftari hilo, nikiuliza waliokuwamo mwaka jana wako wapi, na nani aliongea nao mara ya mwisho.